Ng'ombe za Bibi kwenye Riwaya za Watu

Nimechoka na akina baba wa kwenye riwaya. Nasema hivi miguu yangu ikiwa kwenye beseni la maji ya moto na chumvi, maana kazi yangu ni ya kusimama. Nauza dawa kwenye duka moja hapa Musoma mjini, asubuhi mpaka jioni, na kila mteja lazima anikoholee usoni kwanza ndipo aseme anaumwa nini. Nikifika nyumbani Buhare sina nguvu hata za kugombana na jirani na redio yake. Ninachokiweza ni kitabu tu. Navinunua sokoni kwa mzee anayeuza vitabu vya mitumba. Vingine havina jalada, kimoja panya alishaanza kukisoma kabla yangu. Sichagui. Nachukua riwaya yoyote iliyopo, nasoma mpaka usingizi uninyang'anye.

Sasa mwaka huu sijui nimemkosea nani. Kila riwaya ninayoifungua, mtoto anamtafuta baba yake.

Ya kwanza ilikuwa nene kama tofali. Kijana wa mjini, mama yake yuko kitandani anakata roho, na katikati ya kukata roho anamwambia kwamba baba yako si huyu unayemjua. Kwa nini hakusema miaka yote hiyo? Kwa sababu mwandishi alikuwa anahitaji kurasa. Kijana anazunguka nchi nzima, anafukuzwa na mbwa, anadanganywa na wanawake, mwishowe anamkuta baba kwenye nyumba ya ghorofa, tajiri. Nikacheka peke yangu. Kwenye riwaya baba aliyepotea hawi fundi baiskeli hata siku moja.

Ya pili ilinigusa, sitasema uongo. Binti wa kisiwani, humu humu ziwani kwetu, mama yake anaanika dagaa. Mwandishi nadhani hajawahi kuanika dagaa, maana anawamwaga juani wakati mawingu yamejaa na hakuna hata mtu mmoja wa kumfokea. Lakini uchovu anaujua. Kuna ukurasa binti anarudi na ndoo, anaitua, anakaa kizingitini. Hawezi kuingia ndani, hawezi kurudi nje, anakaa tu. Ukurasa ule niliurudia mara nyingi, nikasema huyu ni mimi kabisa. Basi si angeishia hapo? Wapi! Siku moja binti anamwona mwanaume anashuka kwenye mtumbwi, anamtambua kwa mwendo wake, anamwangukia kifuani, wanalia, na mwandishi anatuambia kwamba sasa binti amekamilika. Amekamilika! Kana kwamba mtu ni sufuria iliyokuwa inasubiri mfuniko.

Nilikitupa kitabu kile chini ya kitanda. Na hasira zile zilikuwa na sababu, ngoja niieleze.

Mimi nimezaliwa kwenye nyumba isiyo na baba, na hakupotea popote. Hakupangiwa kuwepo. Kwetu upande wa Butiama, na sehemu nyingine za Mara, mwanamke aliyefiwa na mume bila kuacha mtoto anaweza kuoa. Anatoa ng'ombe zake, anazipeleka kwa wazazi wa binti, anamleta binti nyumbani, na watoto watakaozaliwa pale ni wa nyumba ile. Ni wake. Wenyewe wanaiita nyumba ntobhu. Bibi yangu alioa hivyo, na aliyemwoa ni mama yangu. Mwanaume alikuwepo, ndiyo, watoto hawaokotwi mtoni. Alikuja, akasaidia, akaenda zake, na hana la kudai. Watu wa pwani wanasema kitanda hakizai haramu. Bibi yangu yeye anasema ng'ombe haisahau ilikotolewa.

Mama alifariki nikiwa nimeshaanza kazi. Tumebaki mimi na bibi, na bibi sasa haoni. Anaishi pale pale kijijini, jirani yetu mmoja, mama wa jumuiya, anampikia siku za wiki. Jumamosi nafunga duka mchana, naenda. Naosha, nafua, namwogesha, napika, halafu tunakaa nje ya mlango namsomea. Mgongo unaniuma kama umepigwa rungu, lakini akishasema "soma" siwezi kukataa. Kiswahili chake ni cha misa na cha mnadani, kwa hiyo nasoma sentensi, kisha naifasiri kwa Kizanaki, kisha yeye anaitukana.

Kwa maana bibi hasikilizi riwaya kwa adabu. Anaingilia kati. Na kila mtoto akizaliwa kitabuni, swali lake ni lile lile.

"Ng'ombe zilitoka kwa nani?"

"Bibi, hawa ni watu wa Dar es Salaam, hawana ng'ombe."

"Kama hawana ng'ombe, mtoto ni wa nani?"

"Wa baba yake."

"Huyo baba alitoa nini?"

"Alimpenda mama yake."

Bibi alicheka mpaka akashika kifua. "Hata jogoo anapendaga," akasema. "Endelea."

Tukawa hatusogei. Kila ukurasa kesi ya ng'ombe. Nami nimechoka, nataka tumalize nikalale. Ndipo nikaanza kuziingiza ng'ombe mwenyewe. Yule tajiri wa ghorofa nikampa zizi nyuma ya nyumba. Mwalimu mmoja maskini kwenye kitabu kingine, aliyekuwa hana hata kiti, nikamfanya akope majike kwa mjomba wake akatoe mahari. Bibi alitulia. "Huyu sasa anajua kuandika," akasema juu ya mwandishi ambaye, masikini, labda hajawahi kugusa mkia wa ng'ombe tangu azaliwe.

Mambo yangeendelea hivyo, kama asingekuja mwanamke mmoja pale dukani. Alinunua dawa za presha, nikamwelekeza namna ya kuzitumia, akabaki amesimama ananiangalia.

"Dada, shikamoo yako nimeileta kwa baba yetu, Bunda," akasema, halafu akaona amechanganya maneno, akaanza upya. Baba yao alifanyaga kazi kwenye pamba zamani. Sasa anaumwa. Amesema ana mtoto kwenye nyumba fulani Butiama, anajua hana haki naye, lakini anaomba amwone tu. Akanielekeza nyumba ilipo, akachukua dawa zake, akaondoka. Nikamhudumia mteja aliyefuata nikampa dawa ya minyoo badala ya dawa ya kikohozi. Ikabidi nimkimbilie barabarani.

Jamani, nilitaka kwenda. Ndilo jambo lililonikera. Mimi niliyewacheka watoto wa kwenye vitabu, moyo ulikuwa unanidunda kama yule binti wa dagaa. Nilitaka kuona sura tu. Masikio haya makubwa nimeyatoa wapi? Lakini kwetu kumtafuta yule ni sawa na kumwambia bibi kwamba ng'ombe zake zilitoka bure. Na bibi amebakiza nini sasa? Macho hana, mume alishakufa, mke alishakufa. Amebakiza mimi. Nikienda akasikia, nitakuwa nimemzika kabla ya siku yake. Nikienda kwa siri, Butiama hakuna siri. Nikaacha. Nikawa siendi na situlii, nachoka mara mbili.

Katika hali hiyo ndipo nikamfungulia bibi riwaya nyingine, bila kujua ndani yake kuna nini. Mwandishi ni mwanamke, anaandika polepole, hana haraka ya kumliza mtu. Kuna mama mtu mzima, ana watoto wake, amelelewa na shangazi. Nikaona kitabu hiki kina heshima, hiki kitatupumzisha. Ah! Katikati tu, yule mama akasikia habari za baba yake na akaamua kufunga safari. Nikaruka.

"Umefungua karatasi mbili," bibi akasema.

"Zilikuwa zimegandana."

"Zigandue."

Nikajifanya nazigandua. Nikasoma mambo yangu mengine ya mvua na ng'ombe.

"We mtoto." Bibi alikuwa amenyoosha mkono hewani, ananitafuta, akanishika goti. "Soma kama alivyoandika mwenyewe. Na ng'ombe usiweke."

"Ng'ombe gani, bibi?"

"Unadhani mimi ni mjinga? Watu wa mjini wote wanafuga? Yule mwalimu wako, ng'ombe zake zilikuwa na mabaka kama zangu. Nilikuwa nakuacha kwa sababu ulikuwa umechoka."

Nikasoma kama ilivyoandikwa. Kwamba yule mama alimuaga shangazi yake aliyemlea. Kwamba shangazi hakusema neno, alimfungia viazi vitamu kwenye kitambaa vya njiani, akarudi shambani kupalilia. Mwandishi hakueleza shangazi alijisikiaje. Jembe tu, na viazi. Na hii ndiyo tofauti ya kitabu kizuri na vile vya ghorofa: kinakuacha uone mwenyewe nani anaumia. Kwenye vitabu vyote vile sikuwahi kujiuliza habari za anayebaki.

Kuku wakapita, wakarudi.

"Yule wa Bunda bado yupo?" akauliza.

Sikuwa nimemwambia mtu. Lakini nani anaweza kumdanganya mtu anayesikia karatasi?

"Yupo. Anaumwa. Ameniita."

"Nilimchagua mimi," akasema bibi. "Mama yako alikuwa anaona aibu. Nilimtaka yule kwa sababu hata akilewa hagombani na mtu. Nenda ukamwone, asije akafa ana neno nawe moyoni." Akatafuta fimbo yake, akasimama peke yake bila kuniomba mkono. "Ila usilale huko."

Niliingia jikoni nikalia. Nikausingizia moshi, na moto wenyewe sikuwa nimewasha.

Jumamosi iliyofuata niliomba ruhusa, asubuhi na mapema nikaenda Bunda. Nilimkuta kwenye kiti cha plastiki uani, amejifunika blanketi na jua lote lile. Mwembamba, msafi. Masikio ni yale yale. Nilisimama pale nikisubiri kile kinachowapata watu wa kwenye riwaya, nianguke, nilie, nikamilike. Nilisikia miguu tu kuuma.

"Umefika," akasema.

"Nimefika. Shikamoo."

"Marahaba. Bibi yako hajambo?"

Ndicho alichouliza kwanza. Nikamwambia hajambo, macho tu. Akatikisa kichwa. "Alikuwa mkali yule. Nilikuwaga nikimwona kwa mbali nazima sigara." Tukacheka wote wawili, na meno yetu nayo yalifanana. Aliagiza niletewe soda. Tuliongea habari za mvua, za pamba, za watoto wake wanaomtunza vizuri. Aliongea kwa sauti ya chini, hata mtoto alipomwagia uji blanketi yake alisema tu, "Taratibu, taratibu." Nilimhurumia. Nilimpenda hata, kwa namna unavyompenda mgonjwa mpole anayekuja dukani na kushukuru. Wakati wa kuondoka alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Ahsante," akasema. "Sitakusumbua tena."

Njiani nikawa nawaza: huyu ni mpole, mama yangu alikuwa maji ya mtungini, sasa mimi hasira hizi nimezitoa wapi? Pale njia panda ya Butiama nikachukua bodaboda, kijana akaanza kukimbiza kwenye mashimo kama tumeiba. "We kijana!" nikafoka. "Umebeba mtu au umebeba gunia?" Akapunguza mwendo saa hiyo hiyo. Nami nikanyamaza, kwa sababu maneno yale na sauti ile niliijua ni ya nani.

Nilifika jua likiwa limeshuka. Bibi alikuwa amekaa mlangoni, kitabu mapajani, amekishika juu chini. Pembeni chakula alicholetewa na jirani kilikuwa kimefunikwa vile vile.

"Hodi," nikasema.

"Nani?"

Miaka yote hii bibi anaijua miguu yangu tangu ikiwa kwenye mgomba wa jirani. Hajawahi kuniuliza nani.

"Mimi."

"Mimi nani?"

Nilichuchumaa mbele yake.

"Mimi wa ng'ombe zako, bibi."

Akapitisha kiganja usoni, akanisogezea kitabu.

"Basi ingia unipakulie," akasema. "Tangu asubuhi sijala."