Gundi ya Kaka

Kaka mtu alikuwa na hataza, ile hati ya kumiliki uvumbuzi, ya gundi ya kufunga majeraha bila uzi, na tangu aipate hakuwahi kuwa na vidole vyote kumi vilivyo huru. Leo kidole gumba kimeshikana na cha shahada, kesho kiwiko kimeng'ang'ania meza ya chakula, naye husema kwa sauti yake ya puani, "Inashika, sivyo?" Kanisani alikuwa hakanyagi. Mama yao, Bwana amlaze pema, aliomba jambo moja tu alipokuwa hoi kitandani: amwone mwanawe akisali. Habari kwamba mama anakata roho ilimkuta kaka maabarani, amejipaka gundi viganja vyote viwili. Kwa mshtuko akavikutanisha, vikagandana hapo hapo. Akaja mbio, akausukuma mlango kwa bega, akapiga magoti kando ya kitanda, mikono kifuani.

"Mwanangu," mama akatabasamu, "hatimaye!"

Dada mtu, aliyeijua vizuri gundi ile, akaleta beseni la maji ya moto na mafuta, akamnong'oneza, "Lete mikono nikubandue, we kituko."

Kaka akatikisa kichwa. "Acha kwanza, dada. Bado ananiangalia."