Nashon Hanywi Tena Supu Yake

Saa kumi na mbili asubuhi, Kambi Muru, Kibera. Sufuria ya supu ya miguu ya ng'ombe inatokota, na wateja saba wanamkodolea macho Nashon Owuor. Hawaulizi bei. Wanangoja ionjwe.

Ndiyo desturi ya hapa: muuzaji hunywa kikombe cha kwanza mbele ya watu, la sivyo supu inashukiwa. Kwa miaka kumi na minne Nashon alikinywa mwenyewe. Siku hizi anamkabidhi kikombe jirani yake Mabrouka, bibi wa mtaa wa Makina anayeitwa Mama Rania. Bibi anaonja, anakunja uso, anatoa hukumu.

"Chumvi iko sawa. Na wewe usiguse!"

Wateja wanaangua kicheko. Nashon anacheka kuwashinda, maana leo anachukua majibu ya damu na roho haimtulii.

Magoti yalipoanza kumuuma miaka mitatu iliyopita, alijitibu kwa supu. "Si kila mtu anajua supu ya mifupa inatengeneza magoti?" anasema. "Nilikuwa nakunywa vikombe vinne. Uchungu ukizidi, naongeza cha tano."

Mganga hajigangi. Huyu alijiganga, hadi kidole gumba cha mguu kikavimba asiweze hata kuvaa ndala. Hospitalini alikuta asidi ya yuriki, ile inayovimbisha viungo, imepanda hadi kumi badala ya kubaki chini ya saba, na figo zimebaki na nguvu asilimia thelathini na nane. Hana kisukari wala presha. Madaktari walimwambia chanzo cha figo kudhoofika hakijulikani, ila nyama na supu zilikuwa zikimzidishia asidi.

"Ugonjwa hauna sababu! Sasa nitamkasirikia nani?" anasema Nashon.

Figo zikiendelea kushuka, atahitaji mashine ya kusafisha damu kila wiki, na jiko lake la supu litazimika. Akaanza tembe, akaacha nyama, dagaa wa omena na pombe. Lakini aliona haya kuwaambia wateja, akawa anatia chai ya rangi kikombeni na kujifanya anakunywa supu. Mama Rania alimfuma siku ya tatu, mbele ya wateja wote. Nashon alidhani wateja watamkimbia; wao wakamchagua bibi awe mwonjaji.

Saa nne mimi na Nashon tuko kwenye kliniki ndogo Kawangware. Muuguzi Wangoi anasoma: asidi imeshuka hadi chini kidogo ya sita. Figo, asilimia thelathini na tisa. Hazijashuka!

"Soma tena, sista!"

Anasomewa mara tatu. Anasimama kwa kidole kilekile kilichokuwa kimevimba, anampigia Mama Rania simu akipiga kelele, "Mama, figo zimekataa kushuka!" Hata mimi nilijikuta nikipiga makofi.

Saa saba yuko tena kwenye sufuria. Ana mpango: kila Jumamosi Wangoi aje hapa kuwapima watu. Kabla hajamaliza kunieleza, Billy, fundi viatu, ananyoosha kikombe kwa mara ya tatu.

"Niongezee, buda. Magoti yananimaliza."

Nashon anarudisha upawa ndani ya sufuria na kuifunika.

"Hiyo dawa nimeijaribu, Billy. Kesho twende Kawangware mimi na wewe, upimwe. Leo sikuuzii."