Taa Mbili za Landrova ya Masanze

Tik. Sauti ndogo tu, kama mtu anayevunja njiti ya kiberiti ndani ya boneti. Ndiyo iliyonijia masikioni wiki iliyopita, abiria aliyetoka Masanze aliposimama mlangoni pa gereji yetu hapa Kilosa na kutuambia kwamba yule mzee wa Landrova ametutoka. Ninyi mnaofuatilia safu hii mnajua kuwa mimi ni fundi umeme wa magari kwanza, mwandishi baadaye, na shule yangu iliishia darasa la saba. Basi niacheni leo nimlilie mteja wangu wa kwanza.

Alikuja mchana mmoja, siku zile maduka yalipoanza kujaa vitu baada ya biashara kuwa ruksa. Alikumbatia taa mbili kubwa za kufunga kwenye bampa, bado zimo kwenye maboksi yake. Kazi yake ilikuwa kubeba wagonjwa na wajawazito kuwapeleka hospitali Mikumi, na jioni nyati walikuwa wakimtokea ghafla barabarani, taa za gari lake kuukuu zikiwa hafifu kama kibatari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Fundi yuko wapi?"

"Kaenda Morogoro. Nipo mimi."

"Wewe si yule wa kuchemsha chai?"

"Chai nachemsha, na waya nafunga."

Akacheka mpaka akaegemea mlango. Nyuma ya gari alikaa mama mmoja wa wafugaji wa Msowero, naye akapaza sauti: "Mwache binti afunge! Kwetu hata ng'ombe hatuwapi wanaume wakamue."

Akakubali, lakini akanitaka niunganishe taa moja kwa moja kwenye swichi ya zamani, kama mafundi wote walivyokuwa wakifanya. Nikakataa. Waya wa swichi ile ulikuwa mwembamba, umezeeka, umekauka. Ukibebeshwa taa kubwa mbili utachemka na kuwaka moto ndani ya gari lenye mgonjwa. Nikamwambia atafute rilei, kile kidubwana kinachoziachia taa zichukue umeme kwenye betri kwa waya wake mnene, swichi ikibaki kutoa amri tu. "Mimi napishana na tembo, huyu ananipa masomo!" akafoka. "Bila rilei na fyuzi sifungi, mzee wangu." Nikaweka bisibisi chini, nikamngoja. Alikwenda akachomoa rilei kwenye lori bovu, nikafunga, akabonyeza swichi. Tik. Akabonyeza tena, macho yamemtoka kama mtoto. "Kumbe rilei inaitikia!" Tangu hapo kila akipita gereji alizima injini, akabonyeza ili niisikie, kisha akaniita: "Fundi!" Hakunitajia chai tena.

Nimemfikiria sana wiki hii, na nimeifikiria nchi yetu. Vitu vipya vinaingia kila siku, vinang'aa, nami navipenda, siwadanganyi. Naota siku moja niwe na duka la vipuri lenye jina langu mlangoni. Lakini tunavifunga juu ya waya zile zile za zamani, kisha tunashangaa harufu ya kuungua. Anayetaka mwanga mkali hana budi kuvumilia kazi ya chini ya boneti, ambayo hakuna anayeipigia makofi.

Kwenye maziko, binti yake aliniambia kuwa kesho yake angemchukua mjamzito kwa gari lile lile. "Taa ziliwahi kuzima, dada, fundi mmoja wa njiani akazirudisha." Sikulipenda neno hilo 'akazirudisha'. Watu walipokwenda kula, nilifungua boneti. Fyuzi iliyoungua ilikuwa imeviringishwa karatasi ing'aayo ya pakiti ya sigara ili umeme uendelee kupita, mtindo wetu wa kujidanganya kwamba shida imekwisha. Nilifuata waya kwa vidole mpaka nikapata mahali ulipochubuka kwenye ukingo wa bati. Nikaufunga tepu, nikausogeza mbali na bati, nikatupa ile karatasi na kuweka fyuzi nzima kutoka mkobani mwangu. Kisha nikaingia kwenye kiti chake, nikabonyeza.

Tik.

Taa ziliwaka juani, hakuna aliyeziona. Nikazizima, nikafuta alama za mikono yangu kwenye boneti kwa ncha ya kanga.