Kioo cha Mashine ya Risasi

Mume wangu alikuwa mtu wa kununua pambo kabla ya kitu chenyewe. Baiskeli yake ilifungwa kengele mbili siku ya kwanza, breki zikasubiri mwaka mzima. Kwa hiyo alipoachiwa mashine ya kujazia risasi nilijua tutaumbuka. Nilichokosea ni kudhani kwamba atakayeumbuka ni yeye peke yake.

Mashine ilitoka kwa mzungu mwindaji ambaye mume wangu alikuwa dereva wake. Wakimbizi walipoanza kushuka kwa wingi kwenye mwambao wetu wa ziwa, mzungu yule alifunga virago akaondoka. Alimwachia dereva wake bunduki ya marisau yenye mtutu mmoja, ile mashine, na makaratasi yaliyogongwa mihuri yote inayotakiwa. Hapa Ilagala watu walifurahi, maana nguruwe pori na nyani walikuwa wanatumalizia mihogo, na risasi za dukani zilikuwa hazipatikani. Mume wangu akawa mtu mkubwa. Alianza kukohoa kwanza kabla ya kusema lolote.

Mashine yenyewe sikuwa na ugomvi nayo. Ilikuwa chuma kizito chenye mkono wa kuvuta na sahani ya duara yenye matundu matano. Unapanga maganda matupu kwenye sahani, unavuta mkono mara moja, na kila ganda linapata chake: hili fataki ya kuwashia, lile baruti, lile kizibo cha kushindilia, lile marisau, na la mwisho linafungwa mdomo. Halafu unasogeza sahani tundu moja, unavuta tena. Vuta, sogeza, vuta, sogeza. Mwenye leseni alikuwa yeye, lakini mvutaji nilikuwa mimi, kwa sababu bega lake lilikuwa linamuuma siku za kazi tu.

Sasa yakaja mapambo. Mzungu alikuwa amemwachia kitabu cha picha cha vifaa vya mashine hiyo, na mume wangu, asiyejua neno moja la lugha ile, alikikodolea macho kila baada ya chakula. Akatuma watu Dar es Salaam, na vifurushi vikawa vinakuja kwa treni hadi Kigoma. Cha kwanza kilikuwa kifaa cha kulisha maganda chenyewe, kinachotumia umeme. Ilagala wakati huo haikuwa na nguzo hata moja. Akakiweka juu ya kabati, wageni wakawa wanakitazama. Cha pili kilikuwa taa ndogo ya betri, na betri za namna ile hazikuuzwa popote kuanzia kwetu mpaka Ujiji. Cha tatu beseni la plastiki la kudakia risasi zilizokamilika, kana kwamba nyumba yangu ilikosa mabeseni. Mwisho wa yote akanitaka nifume kitambaa cha kuifunika mashine, cha maua, kama kile cha redio. Nilikifuma. Na mimi nilikuwa mjinga.

Miezi hiyo tulikuwa na mtu anayelala kwenye jiko letu la nje. Alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, mtu mzima, mpole, aliyewahi kuwa fundi wa mashine za kumenya kahawa. Sheria ilitaka wakimbizi wote wakae kambini, huko juu Kasulu, mbali kabisa na ziwa. Huyu aliruhusiwa kubaki kijijini kwa sababu mume wangu alimwambia mwenyekiti kwamba ni mtu wake wa shamba na kwamba anamjua. Hakuwa na haja ya kazi yetu. Alikuwa na haja ya ufuo. Walipokimbia, mkewe alisukumwa kwenye mtumbwi mwingine na mitumbwi ikaachana usiku. Kila asubuhi, kabla ya kushika jembe, aliteremka mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, kuangalia walioshuka, kisha akarudi na kuanza kulima. Mtu wa kambini angeangalia nini?

Siku moja alikaa akanitazama nikivuta mkono wa mashine. Akauliza, "Mama, baruti ikigoma kushuka, wewe unajuaje?"

Nikamwambia sijui.

"Basi hivyo vingine vyote, mzee aviuze. Tafuta kioo."

Akachukua kipande cha kioo changu cha kujitazamia kilichovunjika, akakifunga kwa waya juu ya sahani, kimeinama kidogo. Nikiwa nimekaa palepale nikaona ndani ya kila ganda: hili lina baruti, lile bado. Kitu cha bure, kazi ya dakika kumi. Akaniambia na jambo jingine. "Ukiachia huo mkono, hata kidogo, usiendelee. Toa maganda yote, anza upya."

Mume wangu alipokiona kioo alicheka kwa pua. "Mkimbizi ndiye anifundishe mashine? Hiki si chumba cha kusukia nywele." Lakini alikiacha, mpaka kifurushi cha nne kilipofika. Hicho kilikuwa kihesabio, kidude kinachogonga namba kila unapovuta mkono ili ujue umevuta mara ngapi. Mahali pa kukifunga palikuwa ni pale penye kioo. Akakata waya. Kihesabio kikawa kinalia tik, tik, naye anakisikiliza huku ametabasamu kama mtu anayesifiwa.

Kioo nikakiweka dirishani.

Wiki hiyo hiyo mama mkwe akatujia kutoka Simbo. Nilikuwa katikati ya kazi, mkono wa mashine umo mkononi mwangu, nikasikia, "Mwakeye." Sisi Waha salamu yetu si ya kupungiana mkono. Mkwe anapigiwa magoti na makofi ya taratibu, unamshika mikono, unaulizwa wewe, watoto, shamba, mbuzi, majirani wa kushoto na wa kulia, kisha unauliza wewe naye anajibu kimoja kimoja, na ukikatisha umemtukana yeye na waliomzaa. Niliachia mkono nikapiga magoti. Salamu ile ilitosha kuivisha maharage.

Niliporudi sikukumbuka kama nilikuwa nimevuta au nimesogeza. Kihesabio kilionyesha namba, lakini namba haikunisaidia kitu. Mume wangu akasema, "Endelea, mama asisubiri chakula." Nikasogeza sahani, nikaendelea. Maganda yale yalitakiwa kutolewa yote. Nilijua, na sikuyatoa.

Siku ya tatu nguruwe waliingia kwenye mihogo. Mume wangu akapiga. Bunduki ikatoa kikohozi badala ya mlio. Ilikuwa risasi yenye fataki bila baruti, na kizibo chake kimekwama ndani ya mtutu. Mtu mwenye akili angesimama akachungulia. Yeye watu walikuwa wanamtazama. Akatia nyingine akapiga, mtutu ukapasuka, vidole viwili vya mkono wa kushoto vikabaki kwenye matuta.

Mwenyekiti alikuja akamkuta amelala na bandeji zake. Mume wangu hakuomba maji wala hakuulizia watoto. Alisema, "Muulizeni yule mkimbizi. Alikuwa anaichezea mashine."

Mwenyekiti akanigeukia. "Ni kweli, mama?"

Ningeweza kusema ni mimi niliyevuta. Ningeweza kusema nani alikata waya. Nikasema, "Aliwahi kufunga kioo." Ni kweli tupu, na sijawahi kusema neno chafu kama hilo maishani mwangu.

Kesho yake gari lilikuja kumchukua kwenda kambini. Hakubishana. Alipopita mlangoni aliniambia, "Akifika, mwambie niko huko." Hakunilaumu, na hilo lilinichoma kuliko matusi.

Mume wangu alipona. Akawa anasimulia vidole vyake harusini na misibani, na kila mara nguruwe aliongezeka ukubwa. Kwa muda mrefu nilimdharau sana, nikaona raha, maana ukimdharau mwenzako hupati nafasi ya kujitazama.

Masika yalipokuwa yanakwisha, mwanamke mmoja alipanda kutoka mwaloni akiwa na kifurushi kichwani. Alisimama uani kwangu akanisalimu kwa heshima, kwa Kirundi, ambacho sisi Waha tunakielewa, nami nikamwitikia vizuri mpaka mwisho. Akasema ameambiwa mumewe anaishi kwenye jiko langu. Nikamwambia amepelekwa kambini, Kasulu, na njia ni ile pale.

Akashusha kifurushi. Akaniuliza, "Alikosa nini?"

Nikamtazama. Kisha nikapiga magoti, nikampigia makofi ya taratibu, nikaanza kumsalimu upya: safari, afya, watoto, waliobaki nyumbani. Naye, kwa kuwa alilelewa vizuri, akanijibu yote, kimoja kimoja.