Debe la Kufukuzia Ndege

Binti yangu alipokuwa darasa la kwanza, ukimwita mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, kimya. Ukimshika bega ndipo anageuka na kukutazama mdomoni. Si machoni. Mdomoni, kama anayengoja utoe kitu humo umpe.

Mwalimu wake aliniita shuleni. "Mama, huyu mtoto ni mkaidi. Namwambia afungue daftari, ananiangalia tu. Kwa hali hii darasa la pili atalisikia kwa wenzake."

Nilirudi nyumbani nikamchapa. Naandika hivyo hivyo bila kupamba: nilimchapa mtoto kwa kosa la kutosikia.

Kwetu huku, njia ya Hombolo, tuna kipimo chetu cha masikio. Kila nyumba yenye shamba la uwele ina debe bovu la kufukuzia ndege. Mtoto akitiliwa shaka, mtu mzima anamnyemelea kwa nyuma na kulitwanga kwa nguvu. Mtoto akishtuka, ni mzima. Mama mkwe wangu alimpima binti yangu uani, mbele ya majirani. Gwaa! Mtoto akaruka, akaangua kilio.

"Mmeona wenyewe?" mama mkwe akasema. "Masikio anayo. Huyu hata shikamoo hanipi mpaka asukumwe. Ni kiburi tu, na hicho kiburi hakukitoa upande wetu."

Majirani wakacheka, wananitazama mimi.

Kisha akatoa hukumu. Kwa kuwa shule imemshinda, mtoto akae naye shambani, juu ya dungu, kile kichanja cha miti tunachopanda kulinda uwele, afukuze kwelea kwelea. "Kupiga debe hakuhitaji daftari," alisema. Mume wangu akajikuna shingo, akasema labda mama ameona mbali.

Hapo niliwaka. Mtoto wa miaka saba aachishwe shule akagombane na ndege, na baba yake anajikuna shingo! Niliwaambia wote wawili kwamba kesho yake nampeleka hospitali mjini, na atakayenizuia alale mlangoni nimruke.

Daktari alimchungulia masikio kwa kile kitochi chake, akaniuliza: "Alipokuwa mchanga, masikio yalikuwa yanatoa usaha?"

"Ndiyo. Tuliambiwa ni meno yanaota."

"Mkaweka nini?"

"Bibi yake aliweka mafuta ya ufuta ya vuguvugu. Mimi nilikamulia maziwa yangu."

Aliandika tu. Afadhali angenigombeza. Akanieleza kwamba ngoma za masikio yote mawili zimetoboka, usaha wa miaka umezila, na kwamba mafuta na maziwa havitibu kitu humo ndani, vinawalisha wadudu. Akanipa dawa ya matone na amri: maji yasiingie masikioni hata tone.

Halafu tukapelekwa kwa mtaalamu wa usikivu, dada mmoja mpole kuliko nilivyostahili siku ile. Alimvika binti yangu vipokea sauti vya masikioni, akampa punje za mahindi na kopo. Akisikia mlio, atie punje moja kwenye kopo. Nilikaa nyuma yao nikahesabu punje. Zilizoingia zilikuwa chache, na zote ni za milio mikubwa ambayo hata mimi niliisikia ikivuja nje. Kwa milio midogo mtoto alikaa na punje yake kidoleni, amekodoa macho, ana hamu ya kufaulu.

"Hasikii maneno ya kawaida," yule dada akasema. "Anasoma midomo. Kufika darasa la kwanza kwa kusoma midomo tu, huyu ana akili sana."

Nami, badala ya kushukuru, nikabisha. "Lakini debe analisikia! Tulimpima."

"Debe atalisikia. Lakini nani anaongea na mwanawe kwa debe?"

Njia nzima ya kurudi nyumbani nilitafuta jibu, na nilipofika nilikuwa nimepata kitu bora zaidi.

Niliwaita mume wangu na mama mkwe wakae uani. Nikawaambia dawa ya mtoto inahitaji familia nzima ijue. Nikawaziba masikio kwa pamba, nikawafunga vitambaa juu yake, nikawaambia wabane kwa viganja. Nikaenda nyuma yao nikatwanga debe. Gwaa! Wakaruka wote wawili.

"Masikio mnayo!" nikapiga kelele mpaka jirani akachungulia.

Kisha nikasimama pale pale nyuma yao, nikasema kwa sauti ya kawaida, ile ile tunayomwambia mtoto: "Mama, naomba uniletee kuni." Kimya. Nikarudia. Kimya. Nikaenda nikamshika bega. Akageuka, akanitazama mdomoni.

Nilimfungua kitambaa. "Nimekuomba kuni mara mbili, mama. Mbona huleti? Ni kiburi?"

Jirani alicheka hadi akashika ukuta. Mama mkwe hakucheka. Alitoa pamba, akaiangalia, akasema, "Kumbe mtoto anaishi humu?" Akaingia ndani. Habari ya dungu haikutajwa tena.

Dawa ilichukua wiki kadhaa hadi masikio yakakauka. Ndipo akawekewa vifaa vya kusikia, kimoja kila upande, vidogo, vinakaa nyuma ya sikio. Siku ya kwanza tulipofika nyumbani jua lilikuwa kali, akasimama katikati ya chumba, ameinua kichwa.

"Mama, nani anatembea juu?"

Yalikuwa mabati yanalia kwa joto. Nimeishi chini ya yale mabati tangu niolewe na sikuwahi kuyasikiliza. Nilimweleza, halafu tukakaa wote wawili tukiyasikiliza kama wageni.

Mwalimu alimhamishia dawati la mbele. Nilimwambia uso kwa uso kwamba mkaidi wake alikuwa anafundishwa na mtu anayegeukia ubao huku akiongea. Alinuna. Lakini siku hizi anageuka, na daftari lina vema nyingi kuliko mikasi ya makosa.

Uwele ulipokomaa, Jumamosi moja tulikuwa shambani. Mama mkwe yuko juu ya dungu na mjukuu wake, mimi chini napalilia karanga. Ghafla binti yangu akamnyang'anya bibi yake debe na kuanza kulitwanga. Mama mkwe akamfokea, ndege wako wapi? Hakuna hata mmoja. Kisha wingu la kwelea kwelea likatokea juu ya miti, likasita, likakata kona kuelekea kwa jirani.

"Bibi, kwani hukuwasikia?" mtoto akasema. "Au ni kiburi?"

Nilicheka hadi nikakaa kwenye tuta.

Jioni mama mkwe alinifuata jikoni, mnyenyekevu ghafla. "Mwanangu, niachie huyu hadi tuvune. Shamba zima halina masikio kama yale."

"Jumatatu ana shule, mama."

Aliokota debe pale mlangoni, akalipangusa kwa khanga.

"Haya. Basi nitatwanga mwenyewe. Ila mwambie kabla hajaondoka asimame kidogo asikilize, aniambie watatokea upande gani."