Macho ya Ndege wa Shangazi

Shangazi yangu ni fundi wa kupiga lipu, na akikuambia ukuta wako umepinda, usibishane naye, mpe kiti. Vita vilipoisha, mji wetu ulibaki umetobolewa kama chujio, na ni yeye aliyeziba sehemu kubwa ya matundu yale: shuleni, zahanati, hata ukumbi wa arusi. Mpaka leo akipita mtaani husalimia kuta kwanza, watu baadaye. Nyumba moja tu hakuigusa, nayo ni yake mwenyewe. Tulimtania kwamba mganga hajigangi. Alitujibu kwamba anatuhurumia sisi wambea, akiziba tutachungulia wapi?

Utani tu, maana sababu tuliijua. Matundu yale yalikuwa kwenye chumba cha binti yake, binamu yangu, aliyelala chini ya kitanda risasi zikipita juu yake. Kulipokucha aliondoka. Aliolewa mji mwingine, na kila akija kumsalimia mama yake, jua likianza kushuka anaaga. Hajalala tena kwao. Siku moja, akikoroga saruji, Shangazi aliniambia, "Niyazibe peke yangu humo ndani, kwa ajili ya nani?"

Ndipo ukaja mradi wa michoro. Wachoraji walitoka nchi mbalimbali, kila mmoja akakaa kwa mwenyeji na kumchorea ukuta wa nje. Sharti lilikuwa moja: mgeni ajifunze kazi ya mwenyeji, na mwenyeji ajifunze ya mgeni. Shangazi alipewa bwana mmoja mrefu hadi anainama mlangoni, tukamwita Twiga. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Shangazi alimpa mwiko siku ile ile, hata chai hajaimaliza, na lipu yake ya kwanza ikamwangukia kwenye viatu. Shangazi mwenyewe brashi hakuishika. "Nikichora mimi," alisema, "huyu mtoto wa watu atakula wapi?"

Twiga alilazwa chumba cha binamu yangu. Asubuhi aliona mwanga ukiingia kwenye matundu, akatoka amefurahi mno, na kazi ikaanza. Alichora kundi la ndege ukuta mzima, na kila tundu akalifanya jicho. Mji ulihamia pale kutazama. Mwenyekiti wa kamati ya mradi, ambaye hahitaji sababu ya kuhutubia, alihutubia.

Kisha binamu yangu akapiga simu. Anakuja kuona michoro, pamoja na mumewe na mtoto wao mchanga. "Tutafikia gesti, Mama. Usihangaike." Shangazi alikata simu akakaa juu ya karai lililofunikwa. Nilidhani atalia. Aliinuka akasema, "Naziba."

Mwenyekiti alishika kichwa. Twiga, kwa Kiswahili chake cha polepole, alijaribu kumbembeleza.

"Mama, kwetu pia kulikuwa na vita. Matundu tuliyaacha, watu wakumbuke."

"Na kuna anayelala humo?"

"Hapana. Ni makumbusho."

"Basi. Hiki ni chumba cha mwanangu."

Twiga akahamishia godoro lake sebuleni kwetu, nyumba ya pili. Lakini alikuwa na huzuni, na Shangazi aliiona. Kwa hiyo, asiharibu mchoro, akaamua kuziba kwa ndani. Alijifungia humo akasindilia saruji kwa nguvu zake zote, huku akiimba. Akasahau jambo ambalo angemfokea saidia fundi yeyote akilisahau: tundu lina pande mbili. Huku nje, mbele ya macho yetu, ndege walianza kuvimba macho. Uji wa saruji ulitoka jicho moja baada ya jingine ukawachirizika mashavuni.

"Jamani," alisema jirani, "ndege wameambukizana macho!"

Tulicheka mbavu zikauma. Shangazi alitoka kuuliza kichekesho ni nini, akaona, akafunika mdomo. Twiga aliutazama ukuta wake kwa muda. Halafu akainama, akaokota mwiko, akaanza kukwangua na kusawazisha, taratibu, vile alivyofundishwa. Safari hii haikuanguka hata tone.

Alipomaliza, alimpa Shangazi brashi. "Mimi nimepiga lipu. Macho ni yako."

"Mkono wangu mzito, mwanangu."

"Maji umeyavulia nguo," nilimwambia, "yaoge."

Akayaoga. Ndege mmoja anatazama mbinguni, mwingine anatazama sufuria ya jirani, na yule wa pembeni ana makengeza kabisa. Twiga aliwapenda wote, na nadhani alisema kweli.

Binamu yangu alifika na kipochi tu, mizigo imebaki gesti. Nje aliwacheka wale ndege mpaka mtoto akashtuka. Kisha akaingia chumbani, na sisi tukabaki mlangoni. Alipapasa ukuta kwa kiganja, polepole, kuanzia juu ya kitanda mpaka dirishani, kama anayetafuta kitu alichokiacha hapo. Hakukipata. Akaketi kitandani, akaegemeza mgongo kwenye ukuta ule ule, akamnyonyesha mtoto. Jua lilishuka. Tulingoja aage, hakuaga. Shangazi alizungukazunguka na sufuria isiyo na kitu ndani.

Giza lilipoingia, binamu yangu alimwita mumewe. "Nenda kachukue mabegi gesti."

Mumewe akageuka haraka, na mlango ukamponyoka ukagonga.

"We, taratibu!" Shangazi alimnong'oneza kwa ukali, machozi yakimtiririka. "Mjukuu wangu amelala."