Mama Yuko Bustanini

Nikisikia harufu ya majani yaliyokatwa, naikumbuka bustani ya mjini ambako mama alikuwa akitupeleka kila Sikukuu. Alipofariki, wanawake waliokuja msibani walimwambia bibi, "Inshallah kaburi lake litakuwa bustani." Mimi bustani nilikuwa naijua moja tu. Alasiri nikatoroka, nikaenda kukaa kwenye yale majani.

Shangazi akanifuata mbiombio, viatu mkononi.

"We mtoto, wafanya nini huku?"

"Namngoja mama. Wamesema yuko bustanini."

Nilidhani atanipiga. Akakaa majanini kando yangu na buibui lake, kisha akajifuta uso. "Haya, tumngoje kidogo," akasema. "Ikiadhiniwa Magharibi, twende zetu nyumbani."